Shangazi, mwanangu anataka kuhamia Dodgers

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Pittsburgh, Marekani, tangu 2011. Nilipofika nilipata kazi ya usafi wa usiku kwenye jengo la ofisi. Mzee mmoja niliyekuwa nafanya naye kazi alikuwa na redio ndogo, na kwa redio hiyo nilijifunza besiboli na kuipenda Pirates. Wakati ule sikujua kwamba nimejiunga na timu ambayo kwa karibu misimu 20 mfululizo ilikuwa ikifungwa mechi nyingi kuliko inazoshinda. Mwaka 2013 tuliingia mtoano, nikalia kwa furaha. Tangu 2015 hatujarudi tena.*

*Nyumbani sasa hakukaliki. Mke wangu anasema timu ikifungwa, nyumba nzima inafungwa mdomo. Ni kweli, sili vizuri na sitaki kusemeshwa. Tena analalamikia hela za tiketi. Agosti 2025 mwanangu wa miaka 11 alirudi na kofia ya Dodgers, timu ya Los Angeles, akasema anampenda nyota wao Ohtani na amechoka kushabikia watu wa kufungwa tu. Niliichukua ile kofia nikaiweka juu ya kabati, nikamwambia katika nyumba yangu hatuhami timu. Tangu siku hiyo mechi ikianza anaingia chumbani kwake. Marafiki zangu hapa, Wakenya na Wakongo, ni watu wa soka na wananicheka. Marehemu baba yangu alikuwa Coastal Union mpaka anaingia kaburini, ingawa mimi nilikua mtu wa Yanga, kwa hiyo uaminifu naujua. Je, mimi ni mjinga? Niiache timu? Na huyu mtoto nimfanyeje?*

*Baba Wawili, Pittsburgh*

Marahaba, mwanangu. Pole na hongera, maana sijui kipi kinakustahili zaidi.

Nianze na lile la ujinga, kwa sababu ni jepesi. Hapana, si mjinga. Ulifika nchi ya watu bila ndugu, unafanya kazi wakati wenzako wamelala, na kitu cha kwanza katika mji ule kilichokuzungumzisha kila usiku kilikuwa sauti ya mtangazaji wa Pirates. Mtu hachagui anayemkaribisha ugenini kwa kuangalia makombe yake. Tena ulifika zamu ikiwa inakaribia kwisha. Wenyeji wako walikuwa wakiteseka tangu Oktoba 1992, walipobakiza mpigaji mmoja tu wamtoe, waende World Series, yaani fainali. Wapinzani wao, Atlanta, wakaupiga mpira, na Sid Bream, mtu mzito wa mbio ambaye zamani alikuwa mchezaji wa Pirates hao hao, akakimbia akateleza hadi besi ya nyumbani na kuwamaliza. Baada ya hapo ikaja misimu 20 ya kufungwa, 1993 mpaka 2012. Katika ligi kubwa za michezo za Marekani Kaskazini hakuna timu iliyowahi kukaa kwenye shimo muda mrefu namna hiyo.

Halafu ukaja ule usiku wa Oktoba 1, 2013, mechi ya mtoano. Uwanja mzima umevaa nyeusi, watu wanaliimba jina la mrushaji wa Cincinnati, Cueto, kwa kumkejeli, mpira ukamponyoka mkononi, na mpira aliorusha baada ya hapo Russell Martin wa Pirates akaupiga ukaenda kwa mashabiki. Nimeitazama video yake na mimi si mtu wa besiboli. Mtu aliyepita hapo akaambiwa "iache timu, chagua nyingine" atakuwa ameambiwa na mtu asiyejua anachokisema. Hao marafiki zako wakicheka, waulize wao timu zao za Ulaya walizichagua wapi kama si kwenye televisheni.

Kwa hiyo usiiache. Ila kuna mambo unayachanganya, na hapo ndipo tutagombana kidogo.

La kwanza ni huku kununa. Umeingia kwenye mchezo wa kila siku ukiwa na roho ya soka. Kwetu timu ikifungwa Jumamosi mtu ananuna Jumapili, Jumatatu anakwenda kazini, basi. Besiboli ni mechi 162 kwa msimu, karibu kila siku kuanzia majira ya kuchipua mpaka mwisho wa Septemba, na sare hakuna, kwa hiyo kila jioni lazima mtu alale amefungwa. (Na ni mchezo mrefu, jamani. Mimi nilikwenda kuchemsha chai, nikarudi nikamkuta bwana yule yule bado anajiweka sawa na gongo lake.) Sasa nikupe hesabu moja. Msimu wa 2025 Pirates walishinda 71 wakafungwa 91. Dodgers, waliochukua ubingwa mwaka huo, walishinda 93 wakafungwa 69. Mabingwa wa dunia wamefungwa mara 69! Kati ya bingwa na timu yako kuna siku 22 tu. Ukiwa na desturi ya kususa chakula kila mnapofungwa, mkeo angekuwa na matatizo hata kama ungekuwa mshabiki wa Dodgers. Tatizo lake hasa ni kwamba siku 91 za mwaka ameishi na mume bubu, na yeye hakuolewa na Pirates.

Ukitaka kielelezo, angalia kwenu wenyewe. Paul Skenes, mrushaji kijana mliyemchagua wa kwanza kwenye uchaguzi wa chipukizi mwaka 2023, msimu wa 2025 aliruhusu kwa wastani pungufu ya pointi mbili kwa kila ngwe tisa, yaani mechi nzima, wapiga kura wote wakampa Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, bila hata mmoja kupinga. Rekodi yake? Ameshinda 10, amefungwa 10. Mrushaji bora wa ligi yake, nusu kwa nusu, kwa sababu wenzake hawampigii mipira. Kama angekuwa anarudi nyumbani na kufunga mdomo kila akipoteza mechi ambayo yeye mwenyewe hana kosa, angekuwa ameshachanganyikiwa. Wewe huna kosa pia, mwanangu. Hukurusha mpira hata mmoja. Kula chakula chako.

La pili, hela. Hapa namuunga mkono mkeo, ila kwa sababu ambayo pengine haijamjia. Tulikotoka sisi, timu ikivurunda inashuka daraja, na mwenye timu anaumia mfukoni. Huko Marekani hakuna kushuka daraja. Timu ikishika mkia inaongezewa nafasi ya kuchagua chipukizi wazuri kabla ya wengine, na ligi inagawana mapato, kwa hiyo hata timu ya hovyo inapata mgao wake. Kikomo cha mishahara cha kuwabana matajiri hakipo. Dodgers wanatumia watakavyo na Pirates wanabana watakavyo. Mashabiki wenzako wameimba uwanjani wakimtaka mmiliki aiuze timu, na sidhani wanaipenda timu kuliko wewe au pungufu yako. Hivyo usidhani kila tiketi unayokata ni kipimo cha uaminifu. Kaa na mkeo kabla ya msimu, kubalianeni mtakwenda mara ngapi uwanjani, zilizobaki sikiliza kwenye redio kama ulivyoanza. Ulipoipenda timu hii hukuwa umelipa hata senti.

Sasa tuje kwenye kabati.

Barua yako nimeirudia kwa sababu ya maneno machache uliyoyapitisha mbio karibu na mwisho. Baba yako Coastal mpaka kaburini, "ingawa mimi nilikua mtu wa Yanga". Mwanangu! Tanga mjini, ndani ya nyumba ya Mgosi wa Kaya, kulikuwa na mtoto wa Yanga. Coastal walichukua ubingwa wa ligi mwaka 1988 na tangu hapo hawajauona. Wameshuka daraja, wamepanda, na mzee wako akabaki nao. Mtoto wake wa kumzaa akachagua timu ya Dar es Salaam yenye makombe ya kujaza chumba. Je, mzee alikunyang'anya kitu akakiweka juu ya kabati? Hukuandika hivyo, na ninavyokuona ulivyo, ingekuwa imetokea ungeiandika kwanza. Uaminifu unaosema unaujua uliuona kwa mtu ambaye hakukulazimisha.

Nadhani najua kinachokuuma. Kukaa na Pirates kumekugharimu, na kilichogharimu mtu hugeuka kuwa cheo. Unajivunia ile misimu mibaya kama mtu anavyojivunia vita alivyopigana. Sina ubaya na hilo. Lakini unataka kijana naye avae nishani hiyo hiyo bila kupita ulikopita. Yeye hakusafisha ofisi usiku. Hakusikia redio ya yule mzee. Mwaka 2013 hakuwa amezaliwa. Alichokiona tangu apate akili ni baba anayenuna. Ukiwa na miaka 11, ukaambiwa uchague kati ya baba anayenuna na Ohtani anayerusha na kupiga vyote viwili, utachagua nini? Mtoto wako hana kasoro. Ana macho.

Kama unataka aipende Pirates, mpe sababu, maana unazo tele na kwenye barua yako hukutaja hata moja. Msimulie Oktoba 13, 1960: mechi ya saba, Yankees wameshinda baadhi ya mechi za fainali zile kwa pointi nyingi za aibu, halafu Bill Mazeroski anapiga mpira ngwe ya tisa unaruka ukuta na ubingwa unakuja Pittsburgh, 10 kwa 9. Msimulie Septemba 1, 1971, Pirates walipoingiza kikosi cha kuanzia chote cha wachezaji weusi na wa Amerika ya Kilatini, jambo ambalo ligi hiyo haikuwahi kuliona, na mwaka huo huo wakawa mabingwa. Mtembeze lile daraja la Roberto Clemente, umwambie kwa nini lina jina hilo: kwamba mchezaji huyo wa Pirates alimaliza msimu wa 1972 akiwa amefikisha mipigo 3,000 kamili, na usiku wa kuamkia mwaka mpya akapanda ndege iliyobeba misaada ya watu wa Nicaragua waliopatwa na tetemeko la ardhi, ndege ikaanguka baharini.

Na kwa mtoto wa Kiafrika anayekulia huko, sijui kwa nini hukuanza na Gift Ngoepe. Kijana wa Afrika Kusini, mama yake alikuwa mfanyakazi wa klabu ya besiboli kule Randburg, nao wakiishi humo humo klabuni. Aprili 26, 2017 akawa mtu wa kwanza aliyezaliwa Afrika kucheza katika ligi kuu ya Marekani, na mara yake ya kwanza kushika gongo akampiga Jon Lester wa Cubs, waliokuwa mabingwa, akafika besi. Alivaa jezi gani siku hiyo? Jezi ya timu yako, mwanangu, ile unayoisikitikia. Dodgers hawana hadithi hiyo.

Ukishamsimulia yote, anaweza kubaki na Ohtani wake. Mwache.

Kuna jambo moja limenikera kuliko hilo la kabati. Kofia uliipokonya Agosti 2025. Mwanzoni mwa Septemba, wiki chache tu baadaye, hao Dodgers walikuja Pittsburgh kucheza mechi tatu, na Pirates wakawafunga zote tatu. Zote! Timu ya mkiani inawafagia watakaokuwa mabingwa, na katika nyumba yako kulikuwa na mshabiki mmoja wa kila upande, chini ya paa moja, hawasemeshani. Ungeweza kumtania mtoto huyo mpaka Krismasi. Mtu aliyelelewa Tanzania, kwenye utani wa Simba na Yanga, anapata nafasi ya namna hiyo na anaipoteza kwa kuwa amenuna!

Leo jioni panda kwenye kiti uteremshe hiyo kofia. Ifute vumbi. Mpe mwenyewe, si kupitia kwa mama yake, na mwambie: "Nilikosea kuichukua. Babu yako aliniacha niwe Yanga." Usiongeze hotuba. Akitaka kujua habari za babu, atauliza. Kisha angalieni ratiba pamoja, mtafute lini Dodgers wanakuja tena Pittsburgh, na katika zile tiketi mlizokubaliana na mkeo, mbili ziwe za siku hiyo. Kila mtu aende na kofia yake. Mkikaa, weka masharti mapema: atakayefungwa ananunua soda, na haruhusiwi kununa njiani kurudi. Sharti hilo la pili linakuhusu wewe zaidi.