Mwenge wa 1961 anaukumbuka, chai ya asubuhi haikumbuki

SWALI: Shikamoo Bibi Muuguzi. Tunaishi Machame, wilaya ya Hai, na mama yangu ana miaka 76. Tangu mwaka juzi amebadilika. Noti zake anaficha kwenye debe la unga, halafu anamwandama dada wa kazi kwamba kamwibia. Machalari anatia chumvi mara tatu. Nikimuuliza kama amekunywa chai, anasema hajatia kitu mdomoni tangu jana, na kikombe kiko mkononi mwake bado kina joto. Lakini mguse kidogo kuhusu ule usiku wa 1961 Mwenge ulipowashwa kileleni Kilimanjaro, atakutajia hadi rangi ya blanketi alilojifunika. Kaka yangu anasema anajifanya. Shangazi anataka tumpeleke kwa mganga. Je, si uzee tu huu? Na mimi utanipata? – Binti wa Machame

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kaka yako simlaumu sana, maana na mimi nilipita hapohapo. Mama mkwe wangu aliniuliza jina la mgeni mmoja mara tisa jioni moja. Ya kumi nikamfokea mbele ya huyo mgeni. Nilikuwa na miaka 19 kazini, nimevaa sare nyeupe, na nilidhani ananichokoza.

Sikiliza jambo hili la chai. Ndani ya ubongo, usawa wa masikio, kila upande kuna kisehemu kidogo kinaitwa hipokampasi. Kichukulie kama karani wa mapokezi: lolote jipya linaloingia, yeye ndiye analiandika daftarini. Ya zamani yaliyokwisha kukomaa yamehifadhiwa kwingine, kwenye tabaka la juu la ubongo. Ugonjwa wa Alzheimer, unaokula kumbukumbu pole pole, kwa kawaida huanzia kwa karani huyu na majirani zake. Ndiyo maana ule usiku wa Mwenge bado upo, na chai ya saa moja haipo. Ukimwambia “Mama, umekunywa sasa hivi!” kwake unamsingizia, kwa sababu ile chai haikuandikwa popote.

Hata kuficha vitu si jambo geni. Mwaka 1901, huko Frankfurt, Ujerumani, daktari Alois Alzheimer alimpokea mama mmoja wa miaka 51, Auguste. Alikuwa akihamisha vitu nyumbani huku na huko na kuvificha, na alikuwa akimshuku mumewe. Alipoulizwa jina lake alijibu “Auguste”. La ukoo? “Auguste.” La mumewe? “Auguste.” Alifariki 1906, na daktari akautazama ubongo wake kwa darubini. Ulikuwa umesinyaa, una mabonge baina ya seli na seli, na ndani ya seli kuna nyuzi zilizosokotana kama uzi uliochezewa na paka. Leo tunajua mabonge yale ni protini iitwayo amiloidi, na nyuzi zile ni protini nyingine, tau. Amiloidi huweza kuanza kujikusanya miaka 15 au 20 kabla mtu hajasahau chochote cha kushtua. Tau ndiyo inayokwenda sambamba zaidi na kusahau: inapoenea, seli zinakufa.

Sasa, ni uzee? Umri unachangia sana, lakini wazee wengi hawapati. Na hapo hapo Hai kwenu watafiti waliwapima wazee wa miaka 70 na zaidi vijijini. Matokeo yalitoka 2013, na waliokuwa na ugonjwa wa kusahau, wa aina zote, walikuwa kama 6 katika kila 100. Marekani nako, masista 678 wa Kikatoliki walikubali kupimwa kumbukumbu mwaka hadi mwaka na kuutoa ubongo wao wakishafariki. Baadhi yao walikutwa na mabonge na nyuzi tele, na walikuwa wamekufa na akili zao timamu. Kwa hiyo usimhukumu mama kwa umri wake.

Kabla ya yote, mpelekeni hospitali, na kila dawa anayomeza iwe kwenye mfuko. Kuna magonjwa yanayofanana na hili na yanatibika: tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, sonona, kaswende ya zamani, hata damu iliyovujia kichwani baada ya kuanguka kwenye migomba akanyamaza. Shangazi asubiri majibu hayo kwanza.

Wakisema ni Alzheimer kweli, zipo dawa za kusaidia kidogo kwa muda. Mtasikia pia habari za lecanemab, iliyoidhinishwa rasmi Marekani 2023. Inaondoa amiloidi, na katika majaribio ya miezi 18 ilipunguza kasi ya kudhoofika kwa asilimia 27. Hairudishi kilichopotea, inaweza kuvimbisha ubongo au kuuvujisha damu, na wanaopewa ni wale walio mwanzoni tu. Kihamba, shamba lenu la ukoo, msikiuze kwa ajili yake.

Wewe je? Ziko familia, kama zile za Antioquia, Kolombia, ambazo jeni moja huwaangusha watu wakiwa na miaka arobaini na kitu. Mama aliyeanza baada ya 70 si wa kundi hilo. Hatari yako imepanda kidogo, basi. Pima presha na sukari, na ukianza kuwaambia watu “eh?” kila mara, katibiwe masikio, usiziwi ni mojawapo ya mambo 14 ambayo jopo la jarida la Lancet liliyataja 2024 kuwa yanachangia na yanazuilika.

Chumvi mkabidhini mtu mwingine. Mama apewe pochi yenye noti ndogondogo, aifiche apendavyo. Na yule dada wa kazi mwombeni radhi leo, kaka yako akiwepo, kisha debe la unga mlikague kila jioni pamoja naye.