Kloridi ya fedha kwenye maji ya chumvi

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini kloridi ya fedha inayeyuka kwa shida zaidi kwenye maji ya chumvi kuliko maji matupu. Ksp yake, yaani wingi wa ioni (chembe zenye chaji) za fedha ukizidishwa na wa ioni za kloridi maji yakishashiba, ni 1.8 × 10⁻¹⁰ kwenye nyuzi 25, na haibadiliki. Shika hapo kwanza. Maji matupu yanayeyusha moli (kipimo cha wingi wa chembe) 1.3 × 10⁻⁵ za kloridi ya fedha kwa lita. Ukiwa na chumvi ya mezani moli 0.1 kwa lita, ioni za kloridi zimeshakuwa tele, basi gawanya Ksp kwa 0.1: ioni huru za fedha zinabaki moli 1.8 × 10⁻⁹ kwa lita tu. Iliyozidi utaiona ikituama chini, unga mweupe. Ila usitumie maji mazito ya chumvi kama ya chemchemi za Uvinza, Kigoma: kloridi ikizidi mno hushikana na fedha, na kloridi ya fedha huanza kuyeyuka tena.