Kilo mbili ndani ya siku tatu: kumfuatilia mgonjwa wa moyo aliye mbali nawe

Msibani husikika mara nyingi: "Jana tu tumeongea naye kwenye simu, alikuwa mzima kabisa." Kwa mgonjwa ambaye moyo wake unashindwa kusukuma damu vizuri, mara nyingi hakuwa mzima, ingawa anayesema hivyo anaamini anachokisema. Maji hujaa mwilini taratibu, siku baada ya siku, wakati mwingine kwa wiki kadhaa, kabla ya ule usiku wa kutafuta bajaji mbio mbio. Siku zote hizo dalili zipo. Zinahitaji mtu wa kuziangalia, na mtu huyo anaweza kuwa wewe hata kama unaishi mkoa mwingine.

Mama yangu anaishi Muheza na mimi niko Dar es Salaam. Presha ya miaka mingi ndiyo iliyoutanua moyo wake. Wenzake ni wengi: katika utafiti wa wagonjwa 427 wa aina hii uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014, presha ilikuwa chanzo kwa asilimia 45 yao, na wastani wa umri ulikuwa miaka 55. Hao ni watu ambao bado wanalima, wanauza sokoni, wanalea wajukuu. Mimi si daktari. Ninayoyaandika ni yale tunayoyafanya nyumbani kwa maelekezo ya kliniki ya moyo, na ningependa kila familia yenye mgonjwa wa namna hii iyajue.

Anza na mizani. Moyo ukichoka, figo hupata damu pungufu, nazo hufanya kana kwamba mwili umekaukiwa, zikaanza kushikilia chumvi na maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo mizani huona mapema kile ambacho jicho litakuja kukiona baadaye, miguu ikiwa imeshavimba. Mizani ya kawaida ya bafuni inatosha kabisa, ila ipimwe kwa utaratibu usiobadilika: asubuhi, mgonjwa akishatoka chooni, kabla ya chai, mizani ile ile, nguo zile zile. Kwetu, binti wa dada yangu anaiweka kwenye saruji ya baraza, kamwe si juu ya mkeka wala zulia kwa sababu hapo inadanganya. Mama anapanda na kanga yake moja, binti anapiga picha kwa simu na kunitumia, kisha anaandika kwenye daftari. Nilimwomba kila picha ionyeshe namba pamoja na miguu ya mama. Namba inaniambia habari ya leo. Miguu naifananisha na picha za wiki iliyopita.

Kliniki nyingi hutumia kipimo kinachofanana: kuongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku tatu ni ishara ya kupiga simu siku hiyo hiyo. Si kusubiri tarehe ya kliniki, na si kusubiri Jumatatu. Daktari wako anaweza kukupa kiwango tofauti kulingana na mgonjwa. Mwombe akiandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, pamoja na ule uzito ambao mgonjwa akiwa nao mwili wake hauna maji ya ziada. Bila huo uzito wa kuanzia, namba zote zinazofuata hazikuambii kitu.

Kuna kipindi mama alikuwa kilo 61 na nusu akapanda hadi 63 na kitu, huku akila na kuongea vizuri tu. Tulipiga simu kliniki, na swali la kwanza la muuguzi halikuhusu chumvi. Aliuliza: "Kuna dawa yoyote mpya ameanza?" Ilikuwepo. Magoti yalimsumbua, akanunua diclofenac duka la dawa, kama kila mtu mtaani anavyonunua. Dawa za maumivu za jamii hiyo, ibuprofen ikiwemo, hufanya mwili ushikilie chumvi na maji na huibana figo. Aliziacha, dawa ya kukojoza ikarekebishwa kwa maelekezo ya daktari, uzito ukarudi. Hakulazwa. Tangu siku hiyo wote nyumbani wanajua kwamba maumivu ya mama yanatibiwa kwa paracetamol, na kwamba hakuna dawa mpya, hata ya mitishamba, inayoingia bila kuuliza.

Chumvi nayo ina njia zake za kujificha. Watu huondoa kikopo cha chumvi mezani wakadhani wamemaliza, kumbe magadi yaliyolainisha maharage au mlenda ni sodiamu ile ile iliyomo kwenye chumvi. Samaki ng'onda, papa mkavu, na vile vidonge vya kuongeza ladha kwenye mchuzi vyote vimo. Kwetu ndimu, kitunguu saumu na nazi vimechukua nafasi yake, na mama hajalalamika sana.

Sasa simu yenyewe. "Unaendeleaje mama?" ni swali lisilo na faida hapa, maana jibu linajulikana: "Sijambo mwanangu, namshukuru Mungu." Mzazi wetu hataki kumtia mtoto wasiwasi, na adabu ya salamu inamtaka awe mzima. Uliza mambo ambayo jibu lake ni jambo lililotokea. Jana umelala na mito mingapi? Umeamka usiku ukakaa kitako kutafuta pumzi? Kandambili zinakuingia kama kawaida? Kutoka chumbani hadi jikoni ulisimama kupumzika? Mtu aliyekuwa analala na mto mmoja akahamia mitatu, au aliyeanza kulala kwenye kiti, ameshakwambia kila kitu bila kutamka neno ugonjwa. Akilala chali, maji ya miguuni hurudi kwenye damu, mapafu yanazidiwa. Ndiyo maana hata kikohozi kikavu kinachoanza kila akilala kisichukuliwe kuwa ni mafua tu.

Kisha nyamaza umsikilize. Mwache akusimulie ya jirani, ya mahindi, ya harusi ya wikiendi. Sikiliza sentensi zake zinaishia wapi. Mama akiwa vizuri hunimalizia habari nzima kwa pumzi moja. Maji yakianza kupanda, anakata maneno katikati, anavuta hewa, anaendelea. Nasikiliza hilo kuliko ninavyoangalia video, kwa sababu mwanga wa video ni hafifu na kila mtu hujikaza mbele ya kamera.

Video ina kazi yake moja kubwa. Mwambie anayeishi naye abonyeze mfupa wa mbele wa mguu, juu kidogo ya kifundo, kwa kidole gumba, ahesabu hadi tano, aachie. Kikibaki kishimo, ni maji. Kama mgonjwa hutumia muda mwingi kitandani, abonyeze kiunoni kwa nyuma, kwa sababu huko ndiko maji yanakokwenda. Tumbo kujaa, kushiba kwa vijiko viwili, uchovu usioelezeka, mapigo yanayokwenda ovyo, kuchanganyikiwa kwa mzee aliyekuwa na akili timamu: vyote viandikwe na viripotiwe. Na uzito ukishuka haraka, hasa kwa mtu anayeharisha au kutapika, au anayepata kizunguzungu akisimama, hapo pia piga simu. Huenda dawa ya kukojoza sasa inamkausha.

Mtu anaweza kuuliza kama kuna haja ya mitambo. Ipo ya kila aina. Marekani kuna kifaa kidogo kinachowekwa ndani ya mshipa unaopeleka damu kwenye mapafu, kinachopima presha ya humo kila siku na kuituma hospitali kabla mgonjwa hajahisi chochote. Lakini mimi nilijifunza zaidi kutoka kwenye tafiti mbili zinazotofautiana. Ya kwanza ya Marekani, matokeo yake yalitoka mwaka 2010: wagonjwa 1,653, ambapo nusu yao walitakiwa kupiga simu kila siku kwenye mfumo wa kompyuta na kujibu maswali kuhusu uzito na dalili. Haikupunguza vifo wala kulazwa, na wengi waliacha kupiga kadiri siku zilivyokwenda. Ya pili ya Ujerumani, ya mwaka 2018, iliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 1,500. Huko vipimo vya kila siku vilikwenda kwenye kituo chenye madaktari na wauguzi usiku na mchana, nao walichukua hatua hapo hapo: kubadilisha dozi, kumpigia mgonjwa, kumwita hospitali. Vifo vilikuwa takriban 8 kwa kila wagonjwa 100 kwa mwaka, dhidi ya 11 kwa waliopata huduma ya kawaida.

Kwa hiyo kabla hujanunua kifaa chochote cha gharama, tafuta jibu la swali hili: namba ikiwa mbaya, nani anaiona, na atafanya nini leo? Sisi tuliomba kliniki itupe namba ya simu inayopokelewa na mtu, na tukaomba daktari aandike kabisa nini kifanyike uzito ukipanda: dozi ya dawa ya kukojoza iongezwe kiasi gani na kwa siku ngapi. Familia isijiongezee dozi kwa kukisia, kwa sababu dozi ikikosewa, potasiamu (madini ya kwenye damu ambayo moyo unayategemea kupiga sawasawa) na figo hazioni huruma. Kundi la WhatsApp la familia ni zuri kwa kuchangia nauli. Kwa kufuatilia, mteueni mtu mmoja anayejua kwamba ni zamu yake, na wa pili wa kumpokea akisafiri. Picha ya mizani ikisubiri watu kumi na wawili waione, kila mmoja hudhani mwenzake ameshashughulikia.

Uwe macho zaidi katika wiki za mwanzo baada ya mgonjwa kuruhusiwa kutoka hospitali, kwani wengi hurudishwa kipindi hicho. Hesabu vidonge kila wiki, ili dawa zisiishe mwisho wa mwezi huku kila mmoja akiona aibu kuomba hela.

Kuna hali ambazo hazihitaji mizani wala ushauri wa simu: pumzi kukatika akiwa amekaa tu, kukohoa povu lenye rangi ya waridi, maumivu ya kifua, kuzimia, ulimi au ndani ya midomo kugeuka bluu. Hapo ni hospitali mara moja, iwe saa nane ya usiku. Msimlaze chali hata mkimpakia kwenye gari. Akae wima, miguu ikining'inia. Sisi tumeshakubaliana na dereva mmoja wa bajaji wa jirani, na hela ya safari imewekwa pembeni. Daftari na mfuko wenye dawa zote anazotumia viende naye, ili daktari wa zamu aone wiki tatu zilizopita kwa mara moja.