Barua kwa Mwanangu Kuhusu Merlene Ottey na Mstari wa Kumalizia

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Barua yako ilinifikia Jumatano nami nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili bibi yako naye aisikie. Hapa nyumbani hatujambo. Mguu wa bibi yako unaendelea vizuri, na mwembe alioupanda marehemu baba yako umezaa mwaka huu kuliko miaka yote niliyopata kuuona.

Umenieleza kwamba kazini kwenu umepewa jukumu la kuteua wakimbiaji wanne wa mbio za kupokezana vijiti kwa ajili ya michezo ya watumishi, na kwamba katika mchujo rafiki yako mwenye miaka 41 ametoka wa tano, nyuma ya msichana aliyeajiriwa mwaka jana. Unaamini kwamba siku yenyewe rafiki yako ndiye atakayekimbia vizuri zaidi, lakini unaogopa maneno ya watu. Kisha ukaniuliza: je, mimi niliyempenda Merlene Ottey, mkimbiaji wa mbio fupi wa Jamaika, maisha yangu yote, naona ilikuwa haki apewe nafasi ya Mjamaika mwenzake Peta-Gaye Dowdie katika mita 100 za Olimpiki ya Sydney mwaka 2000?

Nitakujibu, lakini uniruhusu nianzie mbali kidogo.

Unajua kwamba mimi na Ottey tumezaliwa mwaka mmoja, 1960, yeye katika jimbo la Hanover huko Jamaika, mimi hapa hapa. Alipokuwa msichana wa shule alimsikiliza redioni Don Quarrie, Mjamaika mwenzake, akishinda mita 200 katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, ile ambayo sisi Waafrika wengi tuliisusia na Filbert Bayi wetu akabaki nyumbani. Miaka minne baadaye, wakati wa michezo ya Moscow, nilikuwa chuo cha ualimu, na bweni zima tuliizunguka redio moja kuwasikiliza Bayi na Suleiman Nyambui. Kila mmoja alipata fedha, Bayi katika mita 3000 kuruka viunzi na maji, Nyambui katika mita 5000, na mpaka leo hizo ndizo medali mbili pekee za Tanzania katika Olimpiki. Katika michezo hiyo hiyo Ottey alipata shaba ya mita 200 na kuwa mwanamke wa kwanza kutoka nchi za Karibea zinazozungumza Kiingereza kupata medali ya Olimpiki. Nilisoma habari yake gazetini, mistari michache tu, nikaona kwamba ana umri wangu, na tangu hapo sikumwacha tena.

Baba yako hakuwahi kunielewa. Alikuwa akihesabu kwa vidole: Los Angeles mwaka 1984 shaba mbili, Barcelona mwaka 1992 shaba, Atlanta mwaka 1996 fedha mbili na shaba moja ya vijiti, kisha anafungua kiganja na kuniuliza dhahabu iko wapi. Nami nilimjibu jibu lile lile unalolijua, ambalo nitalirudia hadi nitakapozikwa: mkimbiaji hupimwa kwa mbio zake zote, si kwa hatua yake ya mwisho. Bayi aliongoza mbio zile za Moscow kwa ujasiri ambao wengine hawakuwa nao, hadi Malinowski wa Poland alipompita mwishoni, na mimi sitakubali kamwe kwamba siku ile alishindwa.

Hata hivyo, nikiwa peke yangu, huwa najiuliza kama jibu langu halikuwa la kukwepa. Hatua ya mwisho nayo ni sehemu ya mbio. Ottey mwenyewe hakuridhika kuitwa malkia wa shaba, maana hakuna anayefanya mazoezi miaka ishirini ili awe wa tatu.

Mwaka 1993 alikuwa katika kilele chake. Mwezi Februari, kule Liévin, Ufaransa, alikimbia mita 200 za ndani ya ukumbi kwa sekunde 21.87, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya sekunde 22 katika mbio hizo. Mwezi Agosti, katika mashindano ya dunia ya Stuttgart, yeye na Gail Devers wa Marekani walifika mwisho wa mita 100 pamoja, wote wawili kwa sekunde 10.82, na picha ya kamera ya mstarini ikampa Devers ushindi. Wajamaika walikata rufaa ikakataliwa. Siku chache baadaye Ottey alishinda mita 200 kwa sekunde 21.98, akimwacha Gwen Torrence wa Marekani kwa sehemu mbili za mia za sekunde, ikawa dhahabu yake ya kwanza ya mtu mmoja mmoja katika mashindano ya dunia ya uwanja wa wazi, akiwa na miaka 33. Baba yako siku hiyo alininunulia soda, unakumbuka?

Kisha ikaja Atlanta. Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili, umelala juu ya mkeka sebuleni kwa jirani kwa sababu ulikataa kubaki nyumbani, na usiku ule wa kuamkia Jumapili, karibu na alfajiri, Devers na Ottey wakafika tena pamoja. Wote sekunde 10.94. Torrence wa tatu, 10.96. Tulikaa tukisubiri waamuzi waisome picha, na mimi nilimwambia jirani yale ninayowafundisha watoto kila mwaka, kwamba kinachohesabiwa mstarini si kichwa, wala mkono, wala mguu, bali kiwiliwili. Walipotangaza Devers, nilikuamsha twende nyumbani, nawe ukaniuliza njiani, "Mama, kwani waliona nini?" Nikakujibu kwamba waliona kifua cha Devers mbele. Ukasema, "Mimi nikikua nitatanguliza kifua."

Sasa nafika kwenye jambo ambalo sikukusudia kuliandika nilipochukua kalamu.

Mwezi Septemba mwaka ule ule tulikuwa na mashindano ya shule za msingi, ngazi ya wilaya. Nilipangwa kuwa mwamuzi wa mshindi wa kwanza, nisimame ubavuni mwa utepe na kumshika bega yule aliyeukata. Hakukuwa na kamera wala saa ya maana; kulikuwa na macho yangu tu. Niliomba nibadilishwe katika mbio zako, nikaambiwa hakuna mtu mwingine. Wewe ulikuwa njia ya tatu na yule binti wa shule ya jirani njia ya nne, na kwa mita 20 za mwisho mlikuwa kama watoto waliofungwa kamba moja. Mlipofika ulitanguliza kifua kama ulivyoahidi, na utepe niliuona ukilala juu ya namba yako kabla haujachukuliwa na upepo.

Nikamshika bega mwenzako.

Sikutafakari, mwanangu, au niseme kwamba tafakari yote ilifanyika ndani ya muda mfupi kuliko hizo sehemu za mia za kina Devers. Niliona wazazi walivyojipanga kando ya uwanja, nikasikia tayari jinsi watakavyosema kwamba mwalimu amempa mtoto wake, na mkono wangu ukaenda. Watu walinisifu kwa uadilifu. Mwalimu mkuu mmoja alisema mbele ya wote kwamba waamuzi wote wangekuwa kama mimi mambo yangenyooka, nami nilisimama pale nikiipokea sifa ile huku nikijua. Wewe hukulia. Ulimpa mwenzako mkono, ukaomba maji, na njia nzima ya kurudi nyumbani uliniita "Mwalimu", hukuniita "Mama" hata mara moja.

Hatujawahi kulizungumza. Pengine ulisahau kabla mwaka haujaisha, pengine ndiyo sababu uliacha mbio ukahamia netiboli. Na wakati mwingine najipinga mwenyewe: jicho la mama si kamera, na huenda niliona nilichotaka kuona, huenda yule binti alitangulia kweli na mkono wangu ulikuwa mwaminifu kuliko moyo wangu. Hilo nimejiambia mara nyingi. Linanipa nafuu kwa siku mbili tatu, kisha linaondoka.

Kwa hiyo unaponiuliza kuhusu Sydney, unamwuliza mtu ambaye amewahi kuamua vibaya kwa kuogopa kuonekana ameamua vibaya. Fikiria walivyokuwa wateuzi wa Jamaika. Mbele yao yupo mwanamke wa miaka 40, ambaye mwaka 1999 alikutwa na nandrolone, dawa iliyokatazwa michezoni, katika vipimo, akasafishwa na chama cha nchi yake, na mwaka 2000 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikaiondoa adhabu yake. Amerudi, amekimbia mchujo, ametoka wa nne. Kanuni inasema watatu. Dowdie alikuwa na haki yake mkononi, aliipata kwa miguu yake mwenyewe, na kumwondoa kulikuwa kumvunjia ahadi ambayo kila mchujo humpa kila kijana: kimbia, ukifika utakwenda. Wanariadha wenzao wa Jamaika katika kijiji cha Olimpiki waliandamana, na siwezi kusema walikosea kukasirika. Ningekuwa mama yake Dowdie ningelia mpaka leo.

Lakini tena, Ottey aliyepewa nafasi ile hakwenda kutembea. Alifika fainali, akamaliza wa nne kwa sekunde 11.19, sehemu moja tu ya mia nyuma ya Tayna Lawrence, Mjamaika mwenzake. Na miaka kadhaa baadaye, Marion Jones wa Marekani, aliyeshinda mbio zile, alipokiri kutumia dawa na kunyang'anywa ushindi wake, shaba ikaenda kwa Ottey, medali yake ya tisa ya Olimpiki. Katika vijiti alipokea kijiti cha mwisho, Jamaika ikapata fedha, na mmoja wa wale aliokimbia nao ni Veronica Campbell, msichana wa miaka 18 wakati ule, ambaye baadaye alishinda dhahabu ya mita 200 Athens na Beijing. Napenda kuamini kwamba kuna kitu alikipokea usiku ule zaidi ya kijiti. Najua pia kwamba matokeo mazuri hayafanyi uteuzi uliokosewa uwe haki, na wewe ungeniambia hivyo hivyo, kwa hiyo nimekutangulia.

Na hakuacha. Alichukua uraia wa Slovenia, alikokuwa akifanya mazoezi, akaikimbilia Athens mwaka 2004 hadi nusu fainali ya mita 100, na mwaka 2010, akiwa na miaka 50, alikimbia vijiti katika mashindano ya Ulaya kule Barcelona. Wapo waliosema anang'ang'ania. Mimi nilipoiona picha yake ile, misuli ya shingo imesimama kama ya mtu anayekimbia kwa mara ya kwanza, nilitoka nje nikakaa chini ya mwembe.

Unataka niseme ilikuwa haki au haikuwa. Ulimi unaniwasha, na bibi yako hapa ameshatoa hukumu yake, kwamba mwenye kasi akimbie na wengine wabebe maji. Mimi sitaitoa yangu, ingawa kuizuia kunaniuma, kwa sababu nikikupa jibu la Sydney utalichukua kuwa jibu la rafiki yako na la yule msichana, nami sijawaona wakikimbia. Wewe umewaona. Ila nakuomba jambo moja: siku utakapoandika yale majina manne, hesabu kwanza ni maneno ya nani unayoyasikia kichwani. Kama ni ya watu waliosimama kando ya uwanja, weka kalamu chini hadi kesho yake.

Nami nina swali langu, ambalo limekaa miaka yote hii. Siku ile wilayani, wewe uliyekuwa ndani ya njia, ulipofika mstarini, uliuhisi utepe kifuani mwako, au utepe ulikuwa umekwisha kuanguka? Nijibu kama lilivyokuwa, usinihurumie.

Maembe nitayatuma kwa basi la Ijumaa.

Mimi mama yako.