Paa halipigi sevu: swali kuhusu tenisi ya wawili wawili ndani ya ukumbi

SWALI: Shikamoo kocha. Mimi na mwenzangu tumeanza kucheza wawili wawili kwenye mashindano ya kulipwa ya ndani ya ukumbi. Sote tunatoka kwenye mmoja mmoja na sevu zetu (pigo la kuanzisha pointi) zinavuka kilomita 200 kwa saa. Bado tunatolewa raundi ya kwanza na majozi yenye sevu za kawaida kabisa, na mara nyingi ni kwenye taibreki ya pointi 10, ile inayochezwa badala ya seti ya tatu. Mtaalamu mmoja wa raketi anasema kiwanja cha ndani ni cha kasi, kwa hiyo tukaze nyuzi hadi kilo 29 na tuongeze uzito kichwani mwa raketi ili tupate nguvu zaidi. Tufuate?

JIBU: Marahaba. Msifuate.

Huyo mtaalamu wenu ameikamata hesabu kichwa chini. Nyuzi zilizolegea kidogo hubonyea na kuusukuma mpira. Ukizikaza unapata udhibiti na unapoteza msukumo. Yaani amewauzia nguvu kwa kuwapunguzia nguvu. Ukijumlisha nyuzi ngumu za poliesta, kilo 29 na uzito wa madini ya risasi kichwani mwa raketi, atakayelipa deni hilo ni kiwiko. Fundi wa raketi asiyejua jambo hilo asiguse raketi ya mtu anayekula kwa mkono wake.

Ila nyuzi si kitu kinachonikera zaidi. Kinachonikera ni hii imani kwamba ukishaingia chini ya paa, mchezo ni wa mwenye sevu kubwa. Naisikia kila msimu kutoka kwa wachezaji wazuri waliotakiwa kujua zaidi. Kasi ya kiwanja kigumu hutokana na rangi ya akriliki na kiasi cha mchanga kilichochanganywa ndani yake, na kwa sehemu hutokana na aina ya mipira. Kuna kumbi za polepole kuliko viwanja vya nje. Wengi wanaosema "ndani ni kasi" wanarithi kumbukumbu za viwanja vya zulia, ambavyo ATP, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanaume, iliviondoa kwenye ziara yake kuu mwaka 2009.

Paa linaondoa upepo na jua, basi. Mpira unaourusha juu hauyumbi, ni kweli, na sevu yako inakuwa ile ile kila mara. Lakini mpokeaji naye anauona mpira katika mwanga ule ule kila mara, hasukumwi na upepo, na lobu yake, mpira wa juu wa kuwapita walio neti, inaangukia pale alipoikusudia. Mpokeaji mzuri wa wawili wawili akishaizoea sevu yako baada ya gemu mbili, hakuna upepo wa kumharibia.

Sasa sevu zenu za kilomita 200. Kwenye mmoja mmoja, sevu kama hiyo ikirudi dhaifu una kiwanja chote cha kuumalizia mpira. Kwenye wawili wawili, mpira uliopigwa kwa nguvu hurudi mapema, nawe unayekimbilia neti umepiga hatua mbili tu. Unaukuta miguuni, unaunyanyua, na mtu wao wa neti anaumaliza. Jozi yenye "sevu za kawaida" iliyowatoa huenda ilikuwa inapiga sevu yenye mzunguko, ndani ya boksi la sevu, ikielekea mwilini au kwenye mstari wa katikati. Sevu ya namna hiyo inampa aliyeipiga muda wa kufika mbele. Mpira wa katikati pia unamnyima mpokeaji pembe, na hapo mtu wa neti anaweza kuvuka na kukatiza bila kuogopa kupitwa pembeni.

Kiwanja cha wawili wawili kina upana wa mita 10.97, dhidi ya mita 8.23 za mmoja mmoja. Wanaotoka mmoja mmoja wakiuona upana huo hukimbilia kupiga pembezoni. Wenye uzoefu hupiga katikati: neti pale ina sentimita 91.4 tu, wakati kwenye nguzo ina sentimita 107, na wapinzani wawili wanaanza kutazamana nani aupige. Kwa hiyo nikiwa na saa moja nanyi, sitagusa sevu hata kidogo. Nitaitumia yote kwenye pigo la kurudisha: chini, katikati, miguuni mwa anayekuja neti. Nina uhakika mnaurudisha mpira kwa nguvu, tena kwa urefu wa kifua, kama mlivyozoea.

Halafu kuna pointi ya uamuzi, ambayo inawaumiza kuliko mnavyodhani. Kwenye ziara ya ATP, gemu ya wawili wawili ikifika 40–40 pointi moja inamaliza kazi, na wapokeaji ndio wanaochagua upande wa kupokelea, ingawa hawaruhusiwi kubadilishana nafasi zao. Chukua jozi inayoshinda pointi 65 kati ya 100 kwenye sevu yake. Kwa utaratibu wa advantage, wa kushinda kwa tofauti ya pointi mbili, ikifika 40–40 ingeshinda gemu kama mara 78 kati ya 100. Kwa pointi moja, ni 65. Ubora wenu umepunguziwa nafasi ya kujionyesha, na hapo ndipo vijana wengi hujaribu sevu yao kubwa kuliko zote, inakwenda neti, na sevu ya pili inakutana na mpokeaji aliyekwisha kuingia ndani ya mstari. Wekeni sevu ya kwanza ndani, basi, hata kwa asilimia themanini ya nguvu zenu.

Kwenye taibreki ya pointi 10 kuna jambo jingine ambalo jozi mpya hulisahau: inahesabiwa kama mwanzo wa seti, kwa hiyo mnaruhusiwa kubadilisha nani anatangulia kupiga sevu na nani anapokea upande gani. Je, mmewahi hata kulijadili? Au mnakaa kitini mkinywa maji?

Wanaoamini kwamba nyota wawili wa mmoja mmoja wanatengeneza jozi bora watazame orodha za washindi. Bob na Mike Bryan, mapacha wa Marekani, walitwaa mataji 16 ya Grand Slam (mashindano manne makubwa ya tenisi) wakiwa pamoja, na hakuna kati yao aliyewahi kuingia 100 bora wa mmoja mmoja. Kevin Krawietz na Tim Pütz, walioshinda Fainali za ATP ndani ya ukumbi wa Turin mwaka 2024, nao hawakuwahi kufika 100 bora peke yao. Mafahali wawili hawakai zizi moja.

Na hili si lenu peke yenu. Makocha wanaomwekea kijana wa miaka 15 kipima kasi pembeni ya kiwanja na kumshangilia kila namba inapopanda wanamfundisha kuumia bega kabla hajajua kupiga voli, yaani mpira ambao haujadunda. Wauzaji wa nyuzi za "kiwango cha ndani" wanauza nyuzi zile zile kwenye pakiti nyingine. Wengine siku hizi wanauza hata "ishara za siri za wawili wawili". Ishara ni vidole nyuma ya mgongo wa mtu wa neti: sevu inakwenda wapi, na mimi navuka, nabaki au nadanganya. Mnaweza kuzitunga wenyewe kwa dakika tano mkiwa mmekaa kwenye benchi, bila kumlipa mtu.