Usiache vidonge vya presha ili ushinde rufaa ya VA

Mkuu, kabla hujasoma mstari wa pili nenda kameze dawa yako ya leo, halafu urudi hapa.

Umeuliza mambo matatu. VA, idara ya Marekani inayohudumia waliotumikia jeshi, wamekubali kwamba presha ilikuanzia jeshini lakini wamekupa 0% ya ulemavu, yaani hulipwi kitu, sasa ukate rufaa vipi. Goti la kushoto. Na kama mkeo aliyeko Moshi anaweza kuingizwa kwenye malipo. Goti na shemeji nitawarudia siku nyingine. Kilichonikurupusha ni ile sentensi uliyoipitisha chini chini kama vile si kitu: eti kuna "mshauri" amekwambia uache vidonge wiki mbili kabla ya kupimwa upya, presha ipande, VA wajionee wenyewe.

Na mimi nilikuwa na mshauri wa namna hiyo. Nilimwokota kwenye grupu la WhatsApp la Waswahili tuliotumikia jeshi la Marekani. Picha yake bendera na tai, kila asubuhi "ndugu zangu msikubali kudhulumiwa". Wimbo wake ulikuwa huu huu: acha dawa, nenda ukapimwe ukiwa moto, utoke na asilimia zako. Nikaacha.

Siku ya uchunguzi yule dada alinifunga mkanda mkononi, ukabana, ukalegea, akatazama kioo cha mashine, akanihamishia mkono wa pili, akabana tena. 188 juu, 116 chini. Mimi moyoni nashangilia, nishaanza kuhesabu dola. Yeye ananiuliza taratibu, "Unaona vizuri?" Ukweli ni kwamba kichwa kilikuwa kinagonga na maandishi ya bango ukutani yalikuwa yanacheza. Hata funguo za gari sikuruhusiwa kushika. Nikapakiwa kwenye ambulansi kwenda emajensi na shati langu la Jumapili. Afghanistan nimeondoka bila mchubuko, halafu nusura nizikwe Texas kwa kujinyima kidonge ambacho VA wenyewe wananiletea mpaka kwenye sanduku la barua. Cheka tu, mke wangu bado anacheka, ila siku ile hakucheka.

Sasa sikia kinachouma zaidi: mchezo wenyewe haukulipa. Daktari aliniuliza mara ya mwisho nimemeza dawa lini. Mtu amelala kitandani na waya kifuani anadanganya vipi? Nikasema. Akaandika. Barua ilipokuja ilisema vipimo vya siku ile vilichukuliwa nikiwa nimeacha dawa mwenyewe, na vipimo vingine vyote vya kliniki viko chini, kwa hiyo 0% inabaki pale pale.

Na lazima ingekuwa hivyo, maana VA hawatazami siku moja. Wanatazama presha yako ilikuwa wapi mara nyingi. Namba ya chini ikiwa mara nyingi 100 na kuendelea, au ya juu 160 na kuendelea, ni 10%. Chini 110 au juu 200, ni 20%. Chini 120 ni 40%, chini 130 ni 60%, na ukifika huko, mkuu, rufaa ndiyo shida yako ndogo kuliko zote. Hata kuthibitisha tu kwamba una presha wanataka upimwe mara mbili au zaidi kwa siku, katika siku tatu tofauti. Kishoka aliyekwambia upande siku moja ushinde hajawahi kusoma hata ukurasa mmoja.

Kuna mlango mwingine kwenye kanuni hiyo hiyo, na huo ndio wako. Unapata 10% hata kama leo unapima 124 kwa 78, ilimradi historia yako inaonyesha namba ya chini ilikuwa mara nyingi 100 au zaidi, na sasa unahitaji dawa muda wote. Yaani kumeza vidonge hakukuharibii, ni nusu ya ushahidi. Nusu ya pili ni NAMBA ZA KABLA YA DAWA. Nasema tena kwa herufi kubwa kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia: NAMBA ZA KABLA YA DAWA.

Ziko wapi? Kwenye faili lako la matibabu ya jeshini. Omba nakala ya faili lako lote la madai kwa fomu 20-10206, likija usisome muhtasari, pekua ukurasa kwa ukurasa. Usiishie kwenye kliniki ya kikosi. Angalia daktari wa meno! Jeshini ukienda kusafishwa meno wanakupima presha kwanza, na hakuna anayekumbuka. Mimi 102 yangu niliikuta hapo, katikati ya picha za magego, na 104 kwenye karatasi ya siku nilipoteguka kifundo. Siku tofauti, kabla ya kidonge cha kwanza cha lisinopril. Hizo ndizo zilizonitoa.

Ukishazipata, peleka dai la nyongeza, fomu 20-0995. Usipeleke 20-0996, ile ya mapitio ya ngazi ya juu, kwa sababu huko hawapokei karatasi mpya hata moja, wanasoma yale yale waliyokunyimia.

Halafu huyo kishoka anakwambia utulie kwanza, ufungue dai jipya baadaye. Anataka kukumaliza. Ukiingiza la nyongeza ndani ya mwaka mmoja tangu tarehe ya barua, unalinda tarehe yako ya mwanzo na malipo ya nyuma yanahesabiwa kutoka huko. Mwaka ukipita, unahesabiwa tangu siku uliyopeleka upya. Kwa viwango vya 2025, 10% ilikuwa dola 175.51 kwa mwezi, bila kodi. Piga hesabu mwenyewe.

Na kama anakwambia sheria ya PACT ya 2022, ile ya wanajeshi waliovuta au kugusa sumu kazini, imewapa malipo ya presha wote waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka, mwongo. Presha iliongezwa kwa waliokutana na Agent Orange, ile dawa ya kuua majani iliyomwagwa vitani, wazee wa Vietnam na maeneo yale. Wewe na mimi hatumo.

Mshauri wangu alinitumia ankara nikiwa bado na bangili ya hospitali mkononi. Alitaka nyongeza ya malipo yangu ya miezi mitano, nyongeza ambayo haipo! Kibali cha VA hana, na bila kibali haruhusiwi kuandaa dai la mtu, sembuse kulipisha. DAV, VFW na American Legion, vyama vya waliotumikia jeshi, vina watu wenye kibali wanaofanya bure, na ofisi nyingi za kaunti pia. Tovuti ya VA ina sehemu ya kutafuta jina la mwenye kibali.

Barua yako umesema ni ya Novemba. Fomu iingie kabla ya Novemba hii. Faili likichelewa, taja ndani ya fomu kliniki na tarehe ulizotibiwa ili VA wazifuate wenyewe. Na kishoka akipiga simu kukuuliza kama umeshaacha dawa, mwombe namba yake ya kibali uone kama hatakata simu.