Kano ya kisigino ikikatika: mkato mdogo haufupishi uponaji

Anayekatika kano ya kisigino, ile inayounga misuli ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino, mara nyingi hugeuka amtazame aliyempiga teke, na nyuma hakuna mtu. Husikia mlio wa kitu kupasuka, kisha mguu unakosa nguvu ya kusukuma ardhi. Kwa kuwa misuli mingine bado inafanya kazi, anaweza kuchechemea, hata kuchezesha unyayo akiombwa. Ndiyo maana wengi huambiwa wameteguka tu, wakafungwa bandeji na kurudishwa nyumbani.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Lala kifudifudi, nyayo zining'inie nje ya kitanda, mtu aminye shavu la mguu. Kano ikiwa nzima, unyayo hujinyoosha wenyewe, kama unaposimama kwa vidole. Ikiwa imekatika, unyayo hautikisiki. Linganisha na mguu wa pili. Ukiona tofauti, mwone daktari wa mifupa ndani ya siku chache, usingoje uvimbe uishe. Zikishapita wiki mbili tatu, ncha za kano huvutika mbali na kovu hujaa katikati, na upasuaji wa matundu madogo, yaani kuunga kano bila kuchana ngozi kwa urefu, huwa mgumu.

Kano hii hukatikia zaidi sentimita 2 hadi 6 juu ya mfupa wa kisigino. Katika upasuaji wa wazi, ngozi huchanwa kwa urefu, sentimita 8 hadi 10 hivi. Katika ule wa matundu madogo, hufunguliwa mkato wa sentimita 2 au 3 kwenye pengo, au vitobo tu, kisha sindano hupenyezwa upande hadi upande, juu na chini ya palipokatika, na nyuzi hufungwa unyayo ukiwa umeelekezwa chini. Faida kubwa ya matundu madogo iko kwenye ngozi: eneo hilo halina nyama, na kidonda kirefu kikifumuka au kuoza hapo hutesa sana, hasa kwa mvutaji sigara na mwenye kisukari.

Hasara yake ni mshipa wa fahamu unaoshuka upande wa nje wa kano. Daktari hauoni, na sindano inaweza kuunasa, ukabaki na ganzi au maumivu ya kuungua kandokando ya mguu. Utafiti wa Norwei uliochapishwa mwaka 2022, wenye wagonjwa 526, ulionyesha mishipa ya fahamu kuumia kwa asilimia 5.2 ya waliopasuliwa kwa matundu madogo, 2.8 ya waliopasuliwa wazi na 0.6 ya waliotibiwa bila kisu. Kukatika tena kulikuwa asilimia 0.6 kwa kila kundi la waliopasuliwa, na 6.2 kwa wasiopasuliwa. Baada ya mwaka mmoja, makundi yote yalieleza hali inayokaribiana. Kwa hiyo muulize daktari waziwazi ataukwepaje mshipa huo, na kama mguu wako unahitaji kisu kweli.

Kazi ngumu huanza jeraha likishafunga. Ngozi hupona kwa wiki mbili, kano haijapona. Utaratibu wa kawaida ni wiki mbili za plasta unyayo ukielekea chini, kisha buti la tiba lenye kabari chini ya kisigino, kabari moja ikitolewa kila wiki moja au mbili, hadi wiki ya 8 hivi. Usitoe kabari mbili kwa mpigo kwa sababu huna maumivu. Kano ikivutwa mapema huponea ndefu, na kano ndefu haina nguvu: utatembea vizuri, lakini hutaweza kunyanyuka kwa vidole vya mguu huo mmoja. Kurekebisha hapo ni upasuaji mwingine, mkubwa zaidi.

Msimruhusu mtu yeyote kuuchua mguu huo, hata kwa nia njema ya nyumbani. Shavu likivimba na kuuma, huenda damu imeganda ndani. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukiongezeka upungufu wa pumzi au maumivu ya kifua, hiyo ni dharura.

Kukimbia polepole husubiri mwezi wa 3 au 4, mpira mwezi wa 6 hadi 9, na hapo pia kwa kibali cha mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Na siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria ambayo watu hujinunulia tu duka la dawa kwa ajili ya tumbo au mkojo, huongeza hatari ya kano kukatika, zaidi kwa wenye miaka zaidi ya 60 na wanaotumia dawa za steroidi. Mwambie mfamasia kuhusu kano yako kabla hajakufungia dawa.